Choroko Zilizopaazwa, Kitoweo cha Kila Nyumba



Katika vijiji vyetu, mtu akiuliza habari za chakula, mara nyingi hujibiwa hivi: "Ugali upo, lakini kitoweo hakuna." Maana ya jibu hilo twaijua sote. Nyama haipo, wala samaki. Huenda mboga zipo uani na punje zipo ndani ya kibuyu, lakini hizo hazihesabiwi. Basi mwezi huu nataka kueleza habari za chakula kimoja kidogo kisichohesabiwa, nacho ni choroko; hasa choroko zilizopaazwa, yaani zilizovunjwa vipande viwili na kuondolewa maganda. Neno langu ni hili: nyumba yenye nafaka na choroko haikukosa kitoweo, na mtoto anayelishwa vyote viwili pamoja hupata cha kumjenga mwili. Bali nyumba inayouza choroko zote ikabaki na ugali mtupu, hiyo imekosa kweli, hata kama fedha zimo mfukoni.

KITOWEO CHA ZAMANI NA CHA SASA

Sisi tukaao Robanda, katika wilaya ya Serengeti, twalijua neno hili la kitoweo kupita wengi. Wazee wa Ikoma walikuwa wawindaji hodari. Nyama ya porini ilikuwa karibu, ikaliwa siku ile ile, nyingine ikakaushwa na kuwekwa akiba. Watoto walikua kwa nyama hiyo, na maziwa, na ugali wa mtama na ulezi. Lakini mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliwekwa, na tangu hapo mambo yamekuwa mengine. Lango la Ikoma la hifadhi hiyo li karibu nasi, na kuwinda bila kibali ni kosa la sheria. Wako wanaume waliotoka usiku kwenda kutafuta kitoweo, wakakamatwa, wakakaa kifungoni miezi mingi. Mke akabaki peke yake na watoto na shamba, na kile kitoweo hakikufika nyumbani.

Na ng'ombe je? Ng'ombe ni mali, tena ni mahari. Hachinjwi kwa ajili ya chakula cha jioni. Kuku huwekwa kwa mgeni, au huuzwa ili kununua daftari za shule. Dagaa wa Musoma hufika mpaka kwetu, nao ni chakula chema sana, lakini fedha za kuwanunua hazipatikani kila siku. Basi tukishikilia kwamba kitoweo ni nyama tu, mtoto atakula ugali na maji ya mboga siku nyingi katika mwezi. Ugali peke yake hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili kama ipasavyo.

JINA LAKE NA ASILI YAKE

Choroko ni punje ndogo za kijani, ndogo kuliko kunde. Ukizipaaza na kuondoa maganda, ndani ni rangi ya manjano. Pwani na visiwani wako wanaoziita pojo, na katika kamusi za zamani utaona pia chooko. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, huitwa ndengu. Hapo wafanya biashara wa Tarime na Sirari na waangalie vema, maana kwetu Tanzania dengu ni punje nyingine, kubwa zaidi, yenye ncha kama mdomo wa ndege. Watu wawili waweza kupatana bei ya kitu kimoja kwa jina, kumbe kila mmoja ana punje yake moyoni.

Wataalamu wa mimea huiita choroko Vigna radiata, nayo ni ndugu wa kunde. Lakini asili ya kunde ni Afrika, na asili ya choroko ni Bara Hindi, ambako watu wameilima zaidi ya miaka 3,500. Wahindi huiita mung, na punje ikisha kupaazwa huitwa dal. Ilivuka bahari zamani sana pamoja na vyombo vya biashara. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata katika visiwa vya Komoro punje za choroko zilizoungua na kubaki ardhini kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikwenda mpaka Bara Hindi. Akaandika kwamba watu wa huko hupika choroko pamoja na mchele, wakala na samli, na kwamba hicho ndicho chakula chao cha asubuhi kila siku. Chakula cha namna hiyo huku kwetu huitwa mseto, kwa neno kuseta, yaani kuponda. Siku hizi watu husikia habari za serikali ya mseto, wakadhani ni neno la wakubwa wa siasa. Lakini kabla ya kuingia bungeni, mseto ulikuwa chunguni.

NGUVU ILIYOMO NDANI YAKE

Chukua gramu 100 za choroko kavu. Ndani yake mna protini karibu gramu 24, na wanga gramu kama 60; mafuta ni kidogo mno, kama gramu 1 tu. Protini ndiyo inayojenga nyama ya mwili, na damu, na kuponya vidonda, na kumkuza mtoto. Basi karibu robo ya uzito wa choroko kavu ni kitu hicho cha kujenga.

Lakini tusidanganyane. Choroko zikipikwa hunywa maji mengi na kufura. Gramu 100 za choroko zilizokwisha iva zina protini gramu kama 7 tu. Kwa hiyo mtu asitie kijiko kimoja cha mchuzi mwepesi juu ya ugali mkubwa, kisha akasema amekula badala ya nyama. Mchuzi uwe mzito, na bakuli lijae.

Tena mna madini ya chuma, yanayotakiwa katika damu, na vitamini iitwayo foleti. Hiyo foleti husaidia kutengeneza damu, na mwanamke aihitaji mapema sana apatapo mimba, maana uti wa mgongo wa mtoto hufanyika katika wiki za kwanza, pengine kabla mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Kwa sababu hiyo choroko si chakula cha mjamzito peke yake; ni chakula cha kila mwanamke, na msichana pia. Na vidonge anavyopewa kliniki asiviache, kwa kuwa chakula na dawa vyasaidiana.

Sasa, kwa nini nasema choroko pamoja na nafaka, wala si choroko peke yake? Protini ni kama nyumba. Nyumba hujengwa kwa nguzo, na fito, na kamba, na udongo. Ukiwa na nguzo mia na kamba zimekwisha, kazi husimama. Vivyo hivyo protini ina vipande vingi mbalimbali, na kimoja kikipungua, mwili hauwezi kujenga sawasawa. Mahindi, mtama na ulezi vimepungukiwa na kipande kiitwacho lisini. Choroko zinacho kwa wingi. Choroko nazo zimepungukiwa na kipande kiitwacho methionini; nafaka zinacho zaidi. Vikikutana tumboni, kila kimoja humsaidia mwenziwe. Wazee wa Bara Hindi na wa pwani hawakuyajua majina hayo, lakini walipopika mseto walitenda jambo la akili.

Kuna mambo mengine mawili ya kukumbuka. La kwanza, chuma kilichomo katika choroko mwili hukipokea vizuri zaidi kikiliwa pamoja na vitu kama limau, papai, mapera au nyanya. Lakini chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hukizuia. Afadhali chai ingoje saa moja au mbili. La pili, iko vitamini moja ya damu na mishipa, iitwayo B12, ambayo haimo katika choroko wala katika mmea wo wote tulao. Hiyo hupatikana katika maziwa, mayai, samaki na nyama. Basi sisemi tuache maziwa na dagaa. Nasema siku ambazo hivyo havipo, tusiseme kwamba kitoweo hakuna.

ONYO LA MWAKA 1985

Yako mambo yaliyotokea katika mkoa wetu huu wa Mara, nayo yafaa yasisahauliwe. Mwaka 1985 palikuwa na ukame. Katika sehemu moja ya wilaya ya Tarime kama ilivyokuwa wakati ule, watu walibaki na muhogo mchungu, na kwa ajili ya njaa hawakungoja kuutengeneza kama desturi. Ndipo watu, hasa wanawake na watoto, wakapatwa na jambo la ajabu: mtu huinuka asubuhi, miguu yote miwili imekazana, haikunjuki vizuri. Wengine walitembea kwa fimbo tangu siku ile, wengine hawakuweza kutembea tena. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuurudisha mwili ulivyokuwa.

Madaktari walipochunguza waliona kwamba ni ugonjwa uitwao konzo, jina lililotoka Kongo, ambako daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Sababu zake ni mbili zikikutana pamoja. Moja ni sumu ya sianidi inayobaki katika muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha. Ya pili ni upungufu wa protini, maana mwili hutumia vipande vya protini vyenye salfa ili kuigeuza sumu ile na kuitoa katika mkojo. Mtu alaye muhogo peke yake hana cha kujikinga nacho.

Fahamuni vema: choroko si dawa ya sumu ya muhogo. Kinga ya kwanza ni kuuloweka muhogo mchungu siku tatu au nne kamili, kisha kuuanika hata ukauke kabisa, hata kama njaa inauma. Lakini habari hiyo yaonyesha wazi jambo tunalolisema: chakula cha namna moja, siku baada ya siku, ni hatari. Nyumba ile ya mwaka wa njaa ingalikuwa na nafaka kidogo na kunde kidogo na choroko kidogo katika akiba, ingalisimama mahali pengine.

MASWALI YA MZEE

Mzee mmoja aliposikia nikifundisha habari hizi aliniambia, "Mwalimu, choroko ni chakula cha wenye shida. Tena hujaza tumbo upepo."

Nikamjibu, "Mzee wangu, habari ya upepo ni kweli kwa punje zote za jamii ya kunde, lakini choroko zina upepo mdogo kuliko maharage, na zikiondolewa maganda hupungua tena. Ziloweke, umwage maji yale, utaona."

Akasema, "Haya, na habari ya shida?"

Nikasema, "Katika Bara Hindi tajiri na maskini wote huzila. Mgonjwa anapoanza kupata nafuu hupewa hizo, kwa kuwa ni laini tumboni."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mama watoto na azipike, lakini asinipunguzie ugali." Tukacheka. Lakini neno lake lina maana, wasomaji wangu. Katika nyumba nyingi kitoweo cha kwanza ni cha baba, kinachosalia ni cha watoto, na mama hufuta chungu. Mwenye haja kubwa ya kujengwa mwili ni yule mtoto aliyeachishwa ziwa na yule mama mwenye mimba. Baba mwenye akili ataangalia sahani zao kabla ya kunawa mikono.

NAMNA YA KUZIPAAZA

Dukani Mugumu na penginepo waweza kupata choroko zilizokwisha paazwa. Lakini kazi hii yaweza kufanyika nyumbani, na fedha ikasalia.

Kwanza zichague katika ungo, uondoe mawe na punje zilizotobolewa. Zinyunyizie maji kidogo, uzichanganye kwa mikono, uzifunike usiku mmoja ili maganda yalegee. Asubuhi zianike juani, siku moja au mbili, mpaka zikauke kabisa na kulia zikitikiswa. Kisha zipaaze juu ya jiwe la kusagia, lakini mkono uwe mwepesi. Usilalie jiwe kama usagapo unga, maana hapo utapata unga kweli. Nia ni kuivunja punje vipande viwili tu. Asiye na jiwe atumie kinu, akitwanga polepole. Halafu pepeta; maganda yatatoka, na yafaa kwa kuku. Maganda yanayosalia yataelea utakapoziosha.

Faida zake ni tatu. Zaiva upesi, kama nusu saa tu, na maharage makavu yaweza kukaa motoni saa mbili. Mama anayejua umbali wa kuni, na wanyama walio njiani, hahitaji kuelezwa zaidi. Tena hulainika kabisa, hata mtoto asiye na meno mengi ameza. Tena tumbo halisumbuki sana.

Lakini ziko hasara mbili. Ukiondoa maganda, makapi yenye faida kwa tumbo la mtu mzima hupungua. Kwa hiyo wakubwa na wale choroko nzima mara kwa mara. Na choroko iliyopaazwa haioti. Mbegu ya msimu ujao iwekwe kando kabla ya kupaaza, ikaushwe sana, iwekwe katika chombo kinachofungika pasipo kuingiza hewa, ili wadudu wasiitoboe.

MAPISHI

Mchuzi wa kila siku, kwa watu sita. Chukua vikombe 2 vya choroko zilizopaazwa. Zioshe mara tatu, uziloweke nusu saa, umwage maji. Tia maji mapya vikombe 6, ubandike juu ya moto. Likija povu, litoe kwa upawa. Acha zichemke polepole dakika 25 au 30, mpaka zivunjike zenyewe. Katika chombo kingine kaanga kitunguu kwa vijiko 2 vya samli au mafuta. Tia kitunguu saumu, nyanya 2 au 3, na bizari ya manjano kidogo kama ipo. Mimina ndani ya choroko, tia chumvi, ukoroge kwa mwiko mpaka mchuzi uwe mzito. Kabla ya kuepua, tia mkono mmoja wa mchicha au majani ya kunde yaliyokatwa. Mafuta yale si ya anasa. Choroko zenyewe hazina mafuta, na vitamini ya macho iliyomo katika majani huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Asiye na samli aponde karanga, azitie.

Mseto. Vikombe 2 vya mchele na kikombe 1 cha choroko zilizopaazwa, maji vikombe 6 au 7. Pika pamoja mpaka maji yakauke na vyote vilainike, kisha useta kwa mwiko, utie samli. Lakini mchele kwetu ni ghali. Mtama uliokobolewa wafaa sana. Ila mtama huchelewa kuiva, kwa hiyo uanze peke yake motoni, na choroko zifuate utakapokuwa umelainika nusu. Ukila na maziwa ya mgando, humo mna nafaka, na choroko, na maziwa. Kuna nini tena kilichosalia?

Uji wa mtoto. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo aanze chakula, na ziwa lisiachwe mpaka miaka miwili au zaidi. Chukua vikombe 3 vya ulezi na kikombe 1 cha choroko zilizopaazwa. Osha, kausha, kaanga kila kimoja peke yake bila mafuta mpaka harufu nzuri itoke, kisha saga pamoja. Unga huo uweke katika chombo kikavu chenye kifuniko, na usisage mwingi kupita wa wiki mbili. Upike uji dakika 20, wala usiwe maji. Ukiinamisha kijiko ushuke polepole. Tia kijiko kidogo cha samli au karanga zilizosagwa laini. Uji mwepesi wa unga mtupu hulijaza tumbo dogo kwa maji, mtoto akalala, na mama akadhani ameshiba.

Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na uso, nywele zikabadilika rangi, wakachoka na kununa. Akaleta katika vitabu vya udaktari jina lililotumiwa na wenyeji, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Watoto wale walikuwa wakilishwa unga wa mahindi karibu peke yake. Ugonjwa huo haujatoweka duniani. Mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile; asingojee uji.

Choroko zilizoota. Hapa tumia punje nzima. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, zifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, uzisuuze mara mbili kila siku. Siku ya pili au ya tatu utaona vichipukizi vyeupe. Punje kavu ina vitamini C kidogo sana, lakini ikiota huongezeka. Jambo hili lafaa hasa wakati wa kiangazi, mboga zinapokuwa adimu. Zichemshwe kidogo kabla ya kuliwa.

KUUZA NA KUWEKA

Sasa nije kwenye jambo la mwisho. Choroko ni zao la fedha. Huiva upesi, kwa miezi miwili hata mitatu, na mizizi yake ina vifundo vyenye vijidudu vinavyoongeza rutuba ya ardhi, hata mtama utakaofuata hupata faida. Wanunuzi huja, bei huwa nzuri, na mkulima huuza. Si vibaya. Ada, na matibabu, na bati la nyumba, vyote vyataka fedha.

Lakini soko la choroko lategemea sana nchi nyingine. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India iliweka mpaka juu ya mbaazi na choroko zinazoruhusiwa kuingia nchini mwake kutoka nje. Wakulima wa Tanzania, hasa wa mbaazi, waliona bei ikianguka katika msimu mmoja. Aliyekuwa amezoea kuuza zote ili anunue chakula alijikuta hana fedha wala chakula. Chungu hakina mpaka wa namna hiyo, kilichomo chaliwa.

Basi na tufanye hesabu. Nyumba ya watu sita ipike vikombe 2, yaani kama gramu 400, mara tatu kwa wiki. Hiyo ni kilo 1 na gramu 200 kwa wiki, na kwa mwaka mzima ni kilo 62 hivi. Kwa kuwa maganda na vumbi hupunguza uzito wakati wa kupaaza, weka kilo 80 za choroko nzima. Gunia moja la kilo 100 latosha kwa chakula, na mbegu, na bakuli la jirani. Gunia hilo moja liondolewe kwanza, liwekwe ndani. Yanayozidi ndiyo yaende sokoni. Na asiyelima anunue kidogo kidogo wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini.

Twajua sote habari za Esau, aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Sisi wa siku hizi twaweza kukosa kwa njia ya kinyume: kuuza punje zenyewe, na haki ya mtoto ikaenda pamoja nazo ndani ya gunia.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, kabla gari la mnunuzi halijafika, mume na mke na waketi pamoja, wapime gunia la nyumbani, walifunge, waliweke darini. Na siku mtu atakapouliza, "Kitoweo kipo?" jibuni bila haya, "Kipo, tena kinachemka."